Mpaka Barabara Ifunguke

Jumamosi, 25 Januari 1975

Mama mkwe amefika jioni hii. Basi lilikwama mara nyingi njiani, abiria wakawa wanashuka kulisukuma, na gauni lake lilikuwa tope tupu kuanzia magotini. Utingo alituambia hilo ndilo basi la mwisho kutoka Dar es Salaam. Rufiji imeanza kujaa, barabara inafungwa mpaka mvua ziishe, na sisi wa Mtwara tumekuwa kisiwa kama kila mwaka.

Mama hakuketi. Alisimama mlangoni akimtazama Maria. Surua ya Krismasi imemwacha mwanangu mifupa mitupu, na nywele zake zimekuwa na rangi ya kutu. Mama akamwambia Erasto maneno ya Kipare ambayo sikuyaelewa. Erasto akainamisha kichwa.

Alipokwenda kuoga nilimuuliza mume wangu amesema nini.

"Amesema barabara ikifunguka anaondoka na mtoto. Atamlea yeye, Upareni."

"Na wewe umesemaje?"

"Rozi, ndiyo kwanza amefika."

Jumapili, 26 Januari

Nimepika ugali wa unga wa njano, ule wa msaada, na dagaa. Sokoni hapakuwa na mboga ila nyanya zilizolainika ambazo hata muuzaji alikuwa anaona aibu kuzipanga. Mama alilionja tonge, akalitafuna muda mrefu.

"Mtoto anakula hivi kila siku?"

"Chakula ni shida mwaka huu, mama. Nchi nzima."

"Nchi nzima sikuiuliza," akasema.

Jumatano, 29 Januari

Nyuma ya nyumba yetu kuna uwanja mpana, mchanga na magugu mpaka kwenye boma la jirani yetu Bi Mwanakombo. Miaka yote tunayokaa mtaa huu wa Ufukoni sijaugusa. Nimetoka kufundisha darasa la tatu mchana, nikavua viatu, nikasimama juu yake. Kwetu Peramiho nililima tangu nikiwa mdogo, lakini udongo wa kule ni mwekundu na unashikana. Huu unapita katikati ya vidole.

Bi Mwanakombo alikuwa anaanua nguo. Nikamuuliza kama hapa pangeota mboga.

"Nchanga huu, mwalimu, unakunywa maji kama ntu wa homa," akasema. Wamakonde wa huku wana namna yao ya kutamka ambayo nimeanza kuipenda. "Ukiulisha, utaota. Usipoulisha, usijisumbue."

"Niulishe nini?"

Akaonyesha kwa kidevu banda la mbuzi wake.

Jioni nikamwambia mama kwamba nalima bustani na kwamba Maria atapona kwa mboga zangu mwenyewe. Alikuwa anapepeta unga, mkono haukusimama. "Mchanga wa pwani," alisema. Basi, hilo tu.

Jumamosi, 1 Februari

Nimeng'oa magugu mpaka jua likanishinda. Makopo, vigae, kiatu cha mwanamume.

Jumatatu, 3 Februari

Samadi. Nimebeba kwa karai kichwani, na watoto wa darasa langu wamenikuta njiani. Wameniamkia kwa heshima zote, kisha nikawasikia wanakimbia wakicheka.

Jumapili, 9 Februari

Baada ya kanisa tumepanda. Nasema tumepanda kwa sababu mama alitoka bila kualikwa, ameshika kitambaa kilichofungwa fundo, ndani yake mbegu za maharage kutoka shambani kwake mlimani. Nilimwambia Bi Mwanakombo amenishauri kunde, mchicha na matembele, kwamba maharage huku hayapendi joto. Mama akaniangalia kama mtu aliyeambiwa hajui kupika maji.

"Maharage haya yamelisha watu kabla wewe hujazaliwa."

Nikampa tuta zuri kuliko yote, lile lenye samadi nyingi. Mimi nikachukua yaliyobaki. Bi Mwanakombo amenipa marando ya viazi kwa ajili ya matembele na hakutaka hata asante.

Alhamisi, 20 Februari

Maharage yameoza yote. Mama ameyafukia mwenyewe kwa jembe.

Jumapili, 2 Machi

Marando yameshika. Mchicha umetoka mwingi kama nywele, inabidi kuupunguza. Nimechuma ule wa kupunguzia, nikaupika na nazi. Maria alikula vijiko viwili akalala. Mama aliosha bakuli la mtoto yeye mwenyewe, polepole, na nilijua anaona kilichobaki ndani.

Jumamosi, 8 Machi

Leo nimelia mbele ya watu.

Nilikuwa sokoni. Niliporudi nilimkuta mbuzi katikati ya bustani, jike jeusi, tumbo limejaa, na majani ya kunde yananing'inia mdomoni. Mchicha umelimwa kwa meno mpaka kwenye mizizi, na nusu ya matembele imekwenda. Nilishika ukuni nikamkimbiza. Kisha nikasimama kwenye mpaka nikamwita Bi Mwanakombo kwa sauti ambayo mwalimu hapaswi kuitoa. Nilisema mtaa huu una watu wanaofuga na kuachia, wasiojali jasho la mwenzao. Nilisema mengine pia. Majirani walitoka.

Mama alikuwa kwenye kizingiti cha jikoni, ananitazama. Nikadhani anafurahi. Nikadhani anasema moyoni, haya, huyo na mchanga wake.

Bi Mwanakombo aligeuka. Aliingia ndani. Nilibaki nimesimama na ukuni wangu, na hapo ndipo machozi yakanitoka. Kumbe alikwenda kuchukua kamba. Alimkamata yule mbuzi, akamleta mpaka kwangu, akaniwekea kamba mkononi.

"Mbuzi ni huyu, mwalimu. Ukitaka nchinje, ukitaka nfunge. Amekula chakula cha ntoto ngonjwa, mimi sina la kusema."

Mama ndiye aliyeteremka kizingitini, akaichukua ile kamba mkononi mwangu, akamrudishia.

"Ana mimba huyu," alisema. "Mbuzi hana kosa. Kosa ni la bustani isiyo na ua."

Wakatazamana wale wanawake wawili. Bi Mwanakombo akasema ana makuti nyuma ya nyumba. Mama akauliza kama ana panga. Mpaka jua linazama tulikuwa tunasuka ua, sisi watatu, na Erasto aliporudi bandarini hakuamini macho yake, akapewa kazi ya kuchimbia nguzo kabla hajavua buti.

Jumapili, 16 Machi

Nimepanda tena. Kunde, bamia, maboga, nyanya kwenye kitalu chini ya kivuli cha makuti. Mama ameacha kusema "mchanga wa pwani". Sasa anasema "mchanga wako".

Jumatano, 26 Machi

Jana ilikuwa Maulidi. Bi Mwanakombo ametuletea sinia la pilau. Maria ameomba aongezwe. Nimeenda jikoni nikasimama huko kidogo peke yangu.

Ijumaa, 4 Aprili

Mvua ilianza asubuhi tukiwa kwenye mstari wa shule. Kufika saa nne tukawa hatusikiani darasani kwa kelele za bati, na mwalimu mkuu akaruhusu watoto. Nilikimbia. Njia ya kuja nyumbani ilikuwa mto, inashuka kutoka barabara kuu kuelekea baharini, na nyumba yetu iko katikati yake.

Nilimkuta mama ndani ya bustani. Kanga ameifunga kiunoni, miguu mitupu, maji yanampita juu ya vifundo vya miguu, na ameshika jembe. Maria alikuwa dirishani kwa Bi Mwanakombo, analia. Maji yalikuwa yanaingia kwa kona ya juu ya ua na kutokea kona ya chini, na tuta moja la bamia lilikwisha kuondoka lote.

"Mama, toka," nilimwambia. "Utaugua. Acha iende."

"Usinipigie kelele. Chukua chepe."

Sijawahi kumwona mtu akiyatazama maji namna ile. Kwao mlimani wanaongoza maji kwa mifereji tangu zamani, wanayatoa kwenye kijito na kuyafikisha mpaka shambani, na yeye alikuwa anayasoma kama mimi ninavyosoma daftari la mtoto. Alisema tusiyazuie, maana yatabomoa. Tuyape njia yanayoipenda, ila iwe pembeni.

Alianza kuchimba kwenye kona ya juu, nje ya ua. Mchanga uliokuwa unanitesa siku zote leo ulichimbika kama unga. Tatizo ni kwamba ulikuwa unarudi kama unga pia. Kila tulichotoa kilibomoka.

"Makuti," akasema. "Vunja ua huo wa juu. Lete hayo makuti, yalaze ubavuni mwa mfereji."

Nilisita. Ule ua tuliusuka kwa mikono yetu.

"Rozalia," akasema. Hajawahi kuniita jina langu. "Vunja."

Nikavunja. Bi Mwanakombo akaja na maganda ya nazi kwenye gunia, akayakanyagia kwenye makuti yasisogee. Tulichimba tukishuka, mama mbele, mimi katikati, yeye nyuma anakanyagia. Mikono ilipasuka. Wakati fulani niliteleza nikaanguka kwa magoti, na mama akanivuta kwa kola ya gauni la kazini bila kugeuka. Kisha maji yakasita pale kwenye kona, kama mtu asiyejua mlango ni upi, yakaingia kwenye mfereji. Yalipita pembeni ya bustani, pembeni ya nyumba, yakaenda zake.

Tulikaa chini kwenye tope. Bi Mwanakombo akaanza kucheka kwanza, halafu mama. Sikuwa najua kwamba mama anacheka.

Matuta ya kunde yamebaki. Matembele yamebaki. Nyanya kitaluni zimelala lakini hazijang'oka. Erasto alipofika ameloa chapachapa alitukuta watatu tunakunywa chai jikoni, nguo za tope, Maria amelala mapajani kwa bibi yake.

Jumapili, 6 Aprili

Mama ana kikohozi lakini hataki kulala. Tulichuma matembele pamoja asubuhi. Nilimshukuru kwa siku ile. Aliendelea kuchuma, akaniambia jambo ambalo Erasto hajawahi kuniambia, labda halijui vizuri.

Kabla ya Erasto alizaa wengine wawili, msichana na mvulana. Mwaka wa nzige, wadudu hao walikula kila kilichokuwa na jani, mpaka majani ya migomba. Alikuwa mke mgeni, mama mkwe wake alitaka kuwachukua watoto kuwapeleka kwa ndugu upande wa tambarare, ambako palikuwa na mihogo. Yeye alikataa. Aliona aibu kuwatoa watoto wake.

"Niliwazika kabla ya mvua kurudi," akasema. "Sasa nikiona mtoto ana nywele za rangi ile, sisikii tena maneno ya mtu."

Nilikuwa nimejiandalia moyoni maneno mengi ya kumwambia mama huyu, tangu Januari. Leo nimeyatafuta sikuyaona. Lakini mwanangu bado simtoi. Tumebaki hapo, kila mmoja na chungu chake cha majani.

Jumamosi, 19 Aprili

Viwavi. Tumeviokota kwa mkono mmoja mmoja tukawapa kuku wa Bi Mwanakombo. Nimehamisha nyanya, na tuta la bamia lililokwenda na maji nimelipanda upya.

Jumanne, 22 Aprili

Maria amemwaga maji kwenye nyanya kwa kikombe chake, moja baada ya nyingine, na aliporuka moja akarudi.

Jumapili, 4 Mei

Leo ni siku ya bamia. Zile za tuta lililosalia baada ya mafuriko zimebeba kiasi kwamba ukichuma upande huu, upande ule zimeshakomaa. Maboga yamepanda juu ya ua na kuning'inia upande wa pili, hivyo nimemwambia Bi Mwanakombo kwamba yaliyovuka mpaka ni yake. Amesema basi ataomba yavuke zaidi.

Kunde, matembele, mchicha, majani ya maboga. Nimepika mpaka sufuria zimekwisha. Magari ya mboga kutoka Newala hayajaanza kufika, sokoni bado kukavu, na habari zimeenea. Kwanza alikuja mke wa karani wa posta na samaki, akauliza kama ningebadilishana. Kisha mwingine na nazi. Mpaka jioni jikoni palikuwa na changu, kamba, nazi, na chupa ya asali ambayo sijui imetoka wapi. Mama aliketi kwenye kiti mlangoni mwa bustani akigawa mafungu, na kila mtu aliyemwuliza hii bustani ya nani alimjibu, "Ya mwalimu, muulize mwenyewe," huku haniachii nafasi ya kuulizwa.

Maria amekula bamia na samaki, akalamba sahani, akaomba nyingine. Akaila nayo.

Jumatano, 14 Mei

Siku ya kliniki. Niliomba ruhusa shuleni. Mama akasema anakuja pia, na nikajua kwa nini. Anataka kuona mizani kwa macho yake.

Akina mama tulikaa kwenye benchi. Mara ya mwisho, Januari, nesi Halima alimpima Maria akaitazama kadi yake, akanishika bega. Nilikuwa siogopi kitu leo kama kule kushikwa bega. Alimning'iniza Maria, na Maria akapiga mateke hata mshale ukawa unacheza. Nesi akaushika mguu wake, akangoja utulie. Akatazama mizani. Akatazama kadi. Akamshusha, akampima tena.

"Mama Maria," akasema, "huyu ni yule yule?"

"Ni yeye."

Akachora nukta kwenye kadi, akaiunganisha na ile ya zamani kwa mstari, na mstari ulipanda kama ngazi. Akainyanyua kadi ili benchi zima lione. Akauliza, kwa sauti ya kuwafundisha wote, mtoto huyu anakula nini.

Nilifungua mdomo. Mama alishasimama.

"Anakula bustani ya mama yake," alisema. Kiswahili chake si kirefu, na alikitafuta neno kwa neno, lakini hakuna aliyekuwa na haraka. "Mchanga ule hauoti kitu. Mimi nilisema. Nimelima maisha yangu yote, nikasema hauoti. Huyu mke wa mwanangu ameutia samadi kwa kichwa chake, mbuzi wamekula, akapanda. Mvua imechukua, akapanda. Mkitaka kuona, njooni Ufukoni, mimi ndiye ninayefungua mlango."

Nilitazama sakafu. Kama ningetazama mahali pengine ningelia tena mbele ya watu. Tuliporudi njiani alinichukulia kikapu, na mkwe wangu hajawahi kunichukulia kikapu.

Hakusema lolote kuhusu safari.

Jumapili, 25 Mei

Nyanya ya kwanza nyekundu. Mama ameikata vipande, kila mtu kimoja, na kimoja amekipeleka kwa Bi Mwanakombo kwenye kisosi.

Ijumaa, 30 Mei

Wanawake wa mtaa wamekuja na majembe, wamefuata yale maneno ya kliniki. Bi Mwanakombo anawaeleza samadi, mama anawaonyesha mfereji, na mimi nagawa marando. Uwanja nyuma ya nyumba ya karani wa posta umeshalimwa.

Jumamosi, 7 Juni

Erasto amerudi na habari kutoka bandarini. Lori limefika kutoka Dar es Salaam kwa barabara. Basi la kwanza linaondoka Jumamosi ijayo.

Mama alisema, "Vizuri." Sikulala sana.

Jumapili, 8 Juni

Nimeamua kusema kabla moyo haujanishinda. Baada ya kanisa nilimfuata mama uani, nikamkuta ameinama kwenye beseni anafua. Alikuwa anafua gauni la Maria, lile la safari, la maua ya bluu. Lakini nilikuwa nimekwisha fika.

"Mama," nikasema, "nakuheshimu, na uliyoniambia kuhusu wanao sitayasahau. Ila Maria habanduki hapa. Ukinikasirikia nikasirikie, mimi simtoi."

Alisuuza. Akakamua.

"Nafua kwa sababu limechafuka," akasema. "Jana alilitumia kubebea nyanya."

Nilichuchumaa kando ya beseni.

"Nani amekwambia bado naondoka naye?"

"Hukusema kwamba huondoki naye, mama."

"Na wewe hukuuliza. Tangu kliniki nangoja uniulize." Akakung'uta lile gauni, akanipa upande mmoja nimsaidie kukunjua. "Mimi sikukuambia kwa sababu nilitaka nikuone unamkatalia mtu kama mimi. Mama mkwe wangu nilimkatalia sina hata jani moja ndani. Wewe unakataa una bustani imejaa. Kukataa hivyo ndiko kukataa."

Wakati huo Erasto akatokea mlangoni. Alikuwa amevaa shati la kanisani bado, na uso wa mtu aliyekariri hotuba.

"Mama," akaanza, "nimefikiri sana, na mimi kama baba wa mtoto nimeamua—"

"Umechelewa," mama akamwambia. "Mkeo ameshasema. Kaanike hili gauni."

Akalichukua, akaenda kulianika. Nimeishi na mwanamume huyu nikidhani anamwogopa mama yake kuliko anavyonipenda. Woga bado anao, gauni amelianika juu chini, na alikuja hivyo hivyo. Nimemhesabia hilo.

Jumamosi, 14 Juni

Mtaa mzima umekuja stendi. Bi Mwanakombo amemletea mama mwanambuzi, lakini utingo alikataa kata kata, na wale wawili walibishana naye mpaka abiria wakawa wanacheka. Mwishowe amekubali kupakia maboga, bamia kavu na gunia dogo la korosho.

Mama alimbusu Maria kwenye paji la uso. Akamshika Bi Mwanakombo mikono yote miwili, wakaongea kwa chini, sijui waliambiana nini. Mimi alinivuta kando.

"Krismasi njooni mlimani," akasema. "Nitakuonyesha maharage yanavyopandwa, mwanangu."

Kisha akapanda, akakaa dirishani, na basi lilipoondoka hakupunga mkono, maana alikuwa ameshaanza kumweleza jirani yake wa kiti habari fulani kwa mikono yote miwili.

Tulirudi kwa miguu. Maria alidai kubebwa, na baba yake akamweka begani. Erasto kazi yake ni kushinda akibeba magunia ya korosho bandarini. Alifika naye mpaka kwenye kona ya posta, akasimama, akamshusha, akajinyoosha mgongo.

"Tembea, mama," alimwambia. "Umenishinda."

Maria akatutangulia mbio.